Shangazi, wenzangu wana bia mkononi, mimi nina soda

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamume wa miaka 41, mzaliwa wa Kibosho, Moshi. Huu ni mwaka wa kumi na mbili naishi Marekani, kusini kidogo mwa Seattle, na kazi yangu ni kuendesha lori. Nina mke na watoto wawili.

Mwaka juzi nilianza kuishiwa nguvu. Nikipanda ngazi za nyumbani naona nyota. Tumbo likawa halitulii, nikapungua hadi suruali zikawa zinasimama kwa nguvu ya mkanda. Nilimeza vidonge vya kuongeza damu miezi minane, wapi. Daktari wa tatu ndiye aliyepima kingamwili, kisha wakanipitisha mpira kooni wakachukua vipande vya utumbo. Jibu likaja: siliaki, ugonjwa ambao gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai, inaufanya mwili uushambulie utumbo wake wenyewe. Akaniambia ngano, shayiri na rai basi, mpaka naingia kaburini.

Chapati niliziaga. Maandazi niliyaaga. Ugali wa mahindi upo, wali upo, ndizi zipo, kwa hiyo chakula sina ugomvi nacho. Ugomvi wangu ni bia.

Shangazi, mimi si mlevi. Jumamosi jioni tunakutana watu sita kwa mmoja wetu, tunachoma nyama, kila mtu anakuja na bia ambayo wenzake hawajawahi kuionja. Huku viwanda vidogo vya bia ni vingi mno, na sisi tulishafika mahali pa kubishana kwamba hopsi hii, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu, inanukia chungwa na ile inanukia msonobari. Wenzangu wananiita Mangi, na Mangi ndiye aliyekuwa anaaminiwa kuchagua. Sasa nakaa na soda yangu, wakianza kunusa glasi naamka naenda kugeuza nyama.

Nilipotoka tu kupimwa nilinunua dukani bia iliyoandikwa haina gluteni. Ilikuwa tamu kama molasi iliyotiwa maji, nyepesi, halafu ikaniachia ladha kama nimelamba sarafu. Povu halikukaa hata dakika. Nikaimwaga kwenye sinki. Baadaye rafiki mmoja akanionyesha nyingine, inapikwa kwa shayiri halafu gluteni inaondolewa. Hiyo ni bia kabisa! Nimekuwa nakunywa mbili au tatu kila Jumamosi tangu Februari, na sijisikii vibaya. Lakini mwezi uliopita nilirudi kupima, kingamwili zimeshuka kidogo tu, na daktari akaniuliza kuna nini ninachokula ambacho sijamwambia. Nikanyamaza.

Mke wangu nilikuwa nimemwambia ile bia haina gluteni kabisa. Juzi alisoma kopo mwenyewe akakuta neno shayiri. Siku tatu sasa tunasalimiana tu. Anasema niache bia moja kwa moja, kwani bia ni nini. Rafiki zangu wanasema bia mbili haziwezi kumdhuru mtu mwenye mwili kama wangu.

Desemba tunakwenda nyumbani Moshi, tunapitia Amsterdam. Mama atakuwa amepika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, na unajua kwetu kukataa kata ya mama ni kitu gani. Naomba unisaidie. Hii bia ya shayiri iliyoondolewa gluteni naruhusiwa au siruhusiwi? Ipo bia ya kwetu sisi wagonjwa yenye ladha ya kueleweka, au nizoee soda? Na mbege je?

Mangi, kusini mwa Seattle

* * *

Marahaba, mwanangu. Pole kwa miezi minane ya vidonge ambavyo havikuwa na kosa lolote. Utumbo ulioumia haupokei chuma hata ukiupa kwa kijiko.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilimsomea mume wangu, kwa sababu naye ana siliaki tangu mwaka 2015, na kwetu nyumbani suala la bia lilishatutoa machozi kabla yako. Kwa hiyo nakujibu kama mtu aliyebeba makopo hayo dukani na kuyasoma moja moja.

Ile bia ya shayiri iache. Leo, sio baada ya kumaliza yaliyobaki kwenye friji.

Nikueleze kwa nini, usije ukadhani Shangazi naye ameungana na mkeo tu. Bia ile inapikwa kwa kimea cha shayiri kama bia nyingine yoyote, kisha wanatia kimeng'enya kinachokatakata zile protini. Kukatakata si kuondoa. Protini nzima haipo tena, lakini vipande vyake vimebaki kwenye kinywaji, na vipimo vya maabara vinapata shida kutuambia kama vipande hivyo bado vinaweza kuuchokoza mwili wa mgonjwa wa siliaki. Watafiti walishawahi kuchukua damu ya wagonjwa na kuikutanisha na bia za aina mbili. Kwenye bia ya nafaka zisizo na gluteni tangu mwanzo, hakuna damu iliyoshtuka. Kwenye ile ya shayiri iliyokatwakatwa, baadhi zilishtuka. Ni wachache, ndiyo, lakini wewe hujui kama umo kwenye hao wachache, na matokeo yako ya mwezi uliopita si ya kukupa moyo wa kujaribu bahati.

Serikali ya huko uliko inazitofautisha. Tangu mwaka 2013 kikomo cha chakula kuitwa kisicho na gluteni Marekani ni chini ya miligramu 20 kwa kila kilo, na mwaka 2020 ikawekwa wazi kwamba kwa vyakula vilivyochachushwa haitoshi kupima mwisho, lazima malighafi yenyewe iwe haina gluteni kabla ya kuchacha. Ndiyo maana kopo lako, ukilitazama vizuri, halisemi kwamba bia haina gluteni. Linasema imetengenezwa kwa namna ya kuiondoa au kuipunguza. Ni maneno mawili matatu tu ya tofauti, yamepangwa vizuri kwa rangi nzuri, na mtu mwenye kiu hayaoni. Mkeo aliyaona.

Na hilo la "sijisikii vibaya" lisikudanganye. Utumbo mwembamba unaweza kuharibika kimya kimya, ukaja kukuambia kwa upungufu wa damu kama ulivyokuambia mara ya kwanza. Wala sikuhukumu kwamba bia pekee ndiyo iliyoshikilia kingamwili zako juu. Huenda ni muda tu, maana kwa watu wengi zinachukua mwaka na zaidi kushuka. Huenda ni sosi ya soya mnayopakia nyama Jumamosi. Nyingi zina ngano. Huenda ni wavu wa kuchomea ambao mwenzako ameutumia kupasha mikate. Daktari wako anaweza kuitafuta sababu ukimpa habari kamili, na wewe ulimpa nusu. Mpigie. Mwambie ni bia, tangu Februari, mbili au tatu kwa wiki. Hatakupiga.

Sasa tuje kwenye lile lililokutoa machozi, ladha.

Bia uliyoimwaga kwenye sinki naijua bila kuambiwa jina. Mwaka 2006 viwanda vya Marekani vilipoanza kuuza bia zisizo na gluteni kwa wingi, njia iliyokuwa rahisi ilikuwa sharubati ya mtama: mtama unayeyushwa kuwa kitu kizito kama asali, mpishi anachanganya na maji, anatia hopsi na hamira, mambo yamekwisha. Ule utamu wa molasi, wepesi, na ladha ya sarafu uliyoisikia, ndipo vinapotoka. Watu wakaonja, wakasema mtama hauwezi bia. Mimi neno hilo liliniuma kama nimetukaniwa mama.

Mama yangu alipika mbege ya kuuza, Uru, miaka yote niliyokuwa shule. Ulezi aliuloweka usiku kucha, akauchuja, akautia kwenye gunia na kulifunika kwa majani ya mgomba karibu na jiko. Siku ya tatu ukilifunua unakutana na joto kama la paji la mtoto mwenye homa, na vizizi vyeupe vimeshikana hata ukinyanyua upande mmoja ulezi wote unakuja kama mkeka. Nilikuwa nachota kidogo natafuna. Punje iliyokuwa kavu juzi, leo ina utamu. Nikawa nashangaa sukari imetoka wapi, maana mama hakutia sukari.

Hicho ndicho kimea, mwanangu. Shayiri nayo inafanyiwa hivyo hivyo huko Ulaya, haina uchawi mwingine. Kwa hiyo bia nzuri isiyo na gluteni ilianza kupatikana pale wapishi walipoacha sharubati wakarudi kwenye kimea: wakaotesha nafaka, wakaikausha, nyingine wakaikaanga mpaka ikawa rangi ya kahawa. Wanatumia nafaka ndogo ambayo kwenye kopo utaiona imeandikwa millet, ndugu wa uwele na ulezi wetu. Wanatumia mchele, mtama, mahindi, na bakwiti, ile mbegu ya pembe tatu ambayo Wamarekani wameipa jina lenye neno ngano ndani yake ingawa si ngano hata kidogo. Usiikimbie ukiiona. Wapo watu ambao kazi yao ni kutengeneza vimea hivi tu: Grouse huko Colorado wanaotesha millet na bakwiti, na Eckert huko California wanaotesha mchele.

Lakini nafaka zetu zina ukaidi wake, na hapa nakuomba univumilie kidogo kwa sababu ndiyo sehemu ninayoipenda. Wanga wa shayiri unalainika kwenye joto la nyuzi 60 na kitu, joto ambalo vimeng'enya vya kimea bado viko hai na vinaugeuza kuwa sukari bila taabu. Wanga wa mchele, mtama na jamii ya uwele unataka joto kubwa zaidi, na ukilifikia, vimeng'enya vimeshaanza kufa. Ukipika kama unavyopika shayiri unapata maji yasiyo na mwili. Wapishi wa sasa wanachota kwanza yale maji yenye vimeng'enya wanayaweka pembeni, wanapika nafaka mpaka ilainike, wanaipooza, kisha wanayarudisha. Wengine wanaongeza vimeng'enya vinavyostahimili moto.

Mume wangu aliponisomea habari hiyo mara ya kwanza nilicheka, nikampigia simu mama mkwe Kakamega. Wanavyopika busaa, unga wa mahindi unakandwa na maji, unaachwa uchache siku kadhaa, kisha unakaangwa kwenye bati juu ya moto mkali, unageuzwa kwa jembe mpaka uwe kahawia na moshi wake uwe na harufu ya mkate. Ndipo unatiwa maji, na unga wa kimea cha wimbi, yaani ulezi, unakuja mwishoni, haukuguswa na moto ule. Wanga umepikwa, kimea hakikuunguzwa. Mama mkwe hajawahi kusikia neno kimeng'enya, na jambo hilo analifanya tangu akiwa msichana.

Hopsi unazozisifia nazo usidhani ni ngeni. Sisi kwenye mbege tunatia gome la msesewe, likate utamu wa ndizi na liache ule uchungu nyuma ya ulimi. Hopsi kazi yake ni hiyo, na inaongeza harufu. Wala hopsi hazina gluteni. Kwa hiyo chungwa na msonobari mnavyobishania Jumamosi havikuondoka na shayiri, mwanangu. Vipo, vinakusubiri.

Ukitaka majina, anza na mji ulio jirani yako. Ghostfish ilianzishwa Seattle mwaka 2015 kwa ajili ya bia zisizo na gluteni tu, hakuna punje ya shayiri inayovuka mlango. Ina IPA (bia yenye hopsi nyingi) ya balungi ambayo mume wangu alipoionja mara ya kwanza alikaa kimya muda mrefu, glasi ameishika kwa mikono miwili kama mtu anayeota moto. Ukivuka mpaka, Montreal huko Kanada kuna Glutenberg, walioanza mwaka 2011. Mwaka uliofuata walikwenda kwenye mashindano ya World Beer Cup, na katika kundi la bia zisizo na gluteni wakachukua dhahabu, fedha na shaba, zote tatu. Colorado, mji wa Golden, kuna Holidaily, iliyoanzishwa mwaka 2016 na Karen Hertz, mwanamke ambaye saratani ndiyo iliyomfanya aache gluteni. Bia zao hazifiki kila duka, na bei iko juu kuliko ya bia ya kawaida, hilo nikwambie mapema usije ukashtuka kwenye kaunta.

Namna ya kuanza ina maana kubwa kuliko chapa. Usianze na laga. Laga ni bia tupu isiyo na pa kujificha, na ulimi wako bado una kumbukumbu ya shayiri. Utalinganisha, utakasirika, utarudi kwenye kopo lako la shayiri. Anza na yenye hopsi nyingi, IPA, kwa sababu humo hopsi ndizo zinazosema na nafaka inakaa nyuma. Au anza na stauti, bia nyeusi. Ile ya millet na bakwiti zilizokaangwa ina ladha ya kahawa na kokoa, na kwangu mimi, mtu wa Kilimanjaro niliyekulia chini ya mikahawa, inazishinda stauti nyingi za shayiri nilizoonja. Laga iache mpaka baada ya miezi mitatu minne, ulimi ukishasahau.

Tazama tarehe chini ya kopo. Harufu ya hopsi inakufa haraka, na bia hizi haziondoki rafuni kwa kasi ya zile nyingine, kwa hiyo ni rahisi kuuziwa ya mwaka jana. Zaidi ya miezi mitatu au minne kwa IPA, rudisha ulipoitoa. Usiinywe ikiwa barafu; baridi kali inafunga harufu yote. Itoe kwenye friji robo saa kabla, imimine kwenye glasi safi uliyoiinamisha, mwishoni iweke wima umimine kwa nguvu kidogo ili povu lipande. Povu halitakuwa refu kama la shayiri, maana protini za shayiri zinazolishikilia humu hazimo, ingawa zenye bakwiti nyingi zinajitahidi. Mkiwa baa agiza ya kopo au chupa, usiagize ya bomba, kwa sababu huna hakika bomba lile jana lilipitisha nini. Glasi yako iwe yako.

Jumamosi ijayo nenda na makopo sita ya namna tatu, umimine kwa kila mtu, ubishane nao. Usinywe yako pembeni kama dawa. Wakisema ile ya mwisho inanukia embe, na wewe useme la, ni pera. Wewe ndiye Mangi uliyekuwa unachagua; chagua tena. Kuhusu lile la "mwili kama wangu", waeleze mara moja, bila hasira, kwamba siliaki haiangalii kimo, na kiasi kinachomdhuru mgonjwa ni chembe za mkate, sembuse chupa mbili.

Ila usisahau unaendesha lori. Nyingi ya IPA hizi zina kilevi cha asilimia 6 hadi 7, na dereva wa magari makubwa huko Marekani kikomo chake kwenye damu ni asilimia 0.04, nusu ya kile cha dereva wa gari dogo katika majimbo karibu yote. Kukosekana kwa gluteni hakupunguzi kilevi. Na utumbo wako bado unapona. Mimi ningekuambia mbili, basi, na Jumapili unayoingia barabarani alfajiri usiguse Jumamosi usiku.

Mkeo sasa. Mwaka wa kwanza baada ya mume wangu kupimwa, nilikuwa nafua nikakuta risiti ya baa kwenye mfuko wa koti lake. Bia tatu za ngano. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nje, nguo zimelowa kwenye beseni, nikawa naisoma ile risiti kama nimesoma cheti cha kifo. Miezi yote ile nilikuwa nimetupa unga wote wa ngano uliokuwa nyumbani, nimenunua kikaango kipya, nimewanyima watoto chapati siku za kazi, nikiamini tunaijenga nyumba pamoja. Kumbe ninajenga, mwenzangu anatoa tofali usiku. Bia haikuniuma. Kilichoniuma ni kuambiwa mezani ni mahindi kumbe ni ngano.

Kwa hiyo usiende kwake na hoja za ladha. Nenda na kopo. Mwambie, "Mama nanihii, ulisoma sawasawa, nilikudanganya, na daktari nimeshampigia." Simu ya daktari iwe imeshapigwa kweli kabla hujafungua mdomo. Ukishamaliza hilo, mwombe mwende pamoja dukani, yeye ndiye asome makopo. Ana jicho la kusoma kuliko lako. Huenda akasema bado hataki bia nyumbani mpaka kipimo kijacho kitoke safi. Akisema hivyo, mpe miezi hiyo. Umekunywa kwa siri tangu Februari. Kusubiri hadi kipimo si adhabu kubwa.

Desemba. Amsterdam uwe macho, kwa sababu sheria ya Ulaya si ya Marekani. Huko bia ya shayiri iliyokatwakatwa inaruhusiwa kuandikwa waziwazi kwamba haina gluteni mradi kipimo kisizidi miligramu 20 kwa kilo. Daura ya Hispania ni mfano, imepikwa kwa shayiri na jina lake linajulikana kote. Ukiiona kwenye friji ya uwanja wa ndege na lile neno kubwa mbele, geuza kopo usome vilivyomo. Ukikuta shayiri, kunywa maji.

Moshi, bia za chupa tulizokulia nazo zina kimea cha shayiri, na shayiri yenyewe inalimwa hapo hapo Kilimanjaro Magharibi. Hizo zote pita. Zile zinazosifiwa kwamba ni za mtama usizipe imani kwa jina tu, kwani baadhi huchanganywa na shayiri. Na kwenye kipaimara cha watoto wa kaka zako, utakapoletewa kinywaji cha kimea kisicho na kilevi ukidhani ni soda, hicho nacho ni shayiri. Mvinyo wa Dodoma hauna tatizo. Mnazi ukiupata Tanga hauna tatizo.

Mbege ya mama yako kunywa. Ndizi, ulezi, msesewe, maji: hakuna humo hata kimoja cha kukudhuru. Hatari iko mashineni. Kimea cha ulezi kinapelekwa kusagwa kwenye mashine ile ile ambayo asubuhi jirani amesagia ngano, na unga wa ngano unabaki kwenye kinu cha mashine na kuingia kwenye ulezi wenu. Mpigie mama sasa hivi, mwezi mmoja kabla, umweleze kwa Kichagga chenu kwamba ulezi wa safari hii utwangwe nyumbani kwenye kinu, au kama mikono imechoka, mwenye mashine apitishe kwanza debe la mahindi ya kuku, ulezi ufuate. Mama hataona ni maringo. Mama akiambiwa mwanawe aliugua na chakula fulani anakuwa mlinzi kuliko polisi. Kata usiipokezane, uwe na yako. Watu wanakunywa mbege huku wanakula maandazi, na chembe zinashuka humo. Mbege ya kilabuni, ambayo hujui aliyepika na alichoongezea, shukuru, uipitishe kwa aliye kushoto kwako.

Na kama mizigo itaruhusu, funga makopo manne ya ile nyeusi, kila moja ndani ya mfuko wa plastiki na kitenge juu yake, yawe katikati ya begi kubwa, si pembeni. Mume wangu aliwahi kuyaweka pembeni, tukafika Kilimanjaro nguo zote za watoto zinanuka stauti. Mama yako aonje moja, pembeni ya mbege yake. Ningependa uniandikie alivyosema.

Shangazi